Mwenyewe Asiye na Ufunguo

Cheni amerudi Mwanza, na safari hii anajua Kiswahili. Yote mawili niliyapata kwenye simu moja. Alinisalimia, akauliza hali ya nyumbani, akaulizia mvua na bei ya chumvi, na kila neno likakaa mahali pake kama kigae. Hilo la Kiswahili ndilo lililonitia baridi. Cheni niliyemfahamu, mwaka ule tulipofanya kazi pamoja, alikuwa na maneno yasiyojaza kiganja, na mawili kati ya hayo alikuwa akiyachanganya. Kuchanganya kwake kuliniketisha kwenye benchi la polisi. Kulinipa pia karibu kila nilicho nacho leo, kwa hiyo nikimlaumu lazima nimlaumu nusu bei.

Akaniambia twende tukale Jumamosi, Kapripointi, mahali penye meza za kutazama ziwa. Mimi siku hizi nakaa upande wa Sengerema, kwa hiyo nikapita kwenye daraja la Busisi. Zamani pale tulikuwa tunasubiri kivuko, na kusubiri kulikuwa na faida yake: mtu alipata nafasi ya kuogopa vizuri na kugeuza. Daraja halina huruma hiyo. Ukiingia umeingia. Nilikuwa mwanamke mwenye mvi, mwenye mzani wake na stoo yake, naenda kula chakula cha kulipiwa, na viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho kama vya msichana anayekwenda kutia sahihi.

Chumba nilimotia sahihi mwaka ule kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Wakili alikuwa kijana, shati lake jeupe, feni yake haizunguki. Mimi nilikuwa mnunuzi mdogo wa mabondo mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya sangara. Zamani tulikitupia ndege, mpaka walipotokea watu wa ng'ambo wanaokipikia supu, kikawa na thamani kuliko nyama iliyokibeba. Nilinunua kwa hela za watu na kubakiwa na harufu. Cheni alikuja na hela zake mwenyewe, lakini mgeni haruhusiwi kununua mwaloni. Alihitaji kampuni ambayo mwenyeji ana sehemu kubwa, na mtu fulani alimwambia kuna msichana anaitwa Leti, mbishi wa bei, haibiwi kwenye mzani. Jina lake halisi lilikuwa Chen. Mwaloni wakalifanya Cheni, kwanza kwa sababu ya ulimi, pili kwa sababu alining'iniza funguo kiunoni kwa mnyororo, na mtu akisikia zinalia alijua bosi yuko njiani.

"Wewe utabeba hisa nyingi, yeye chache," wakili akaniambia.

"Zinabebwa kichwani au mgongoni?"

"Kwa sahihi tu, dada."

"Na zikidondoka?"

Nilitegemea acheke. Akafunika kalamu, akaifunua. "Zikidondoka zinamdondokea aliyezibeba."

Nikatia sahihi. Nimefanya biashara miaka mingi tangu siku ile na bado najiuliza nilinunua nini. Nadhani nilinunua kiti. Maana kulikuwa na viti viwili mbele ya ile meza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya mwaloni mtu alinivutia kimoja.

Siku ya kwanza tuliyoshuka pamoja mwaloni, mitumbwi ilikuwa imeegeshwa, kina mama wamekaa na beseni zao. Cheni alikuwa amejiandaa. Nilimwona njiani akinong'ona na simu yake, akikariri neno mwenyeji. Alipofika akanishika bega, akatangaza kwa sauti ya mnada: "Huyu mwenyewe! Mimi mgeni tu."

Pakalipuka kicheko.

"Mwenyewe!" mama mmoja akapiga makofi. "Leti wa juzi juzi hapa, leo mwenyewe!"

"Mwenyeji, Cheni," nikamnong'oneza. "Mwenye-ji."

"Mwenyewe," akasema, ametabasamu mpaka masikioni.

Nilimrekebisha siku hiyo na siku zilizofuata, kisha nikaacha, maana jina lilikuwa limeshika. Nikitokea tu, mvuvi mmoja Msukuma aliyekuwa akibadilishana *l* na *r* alipaza sauti kutoka ndani ya maji: "Mwenyewe kaja! Mwenyewe, reo unachukua yote?" Nami nikamjibu, "Nachukua kwa macho. Kwa mkono mpaka ushushe bei." Kadi za michango ya harusi zikaanza kuniandama. Rambirambi zikanitafuta, hata za misiba ya watu nisiowajua. Mzee wa mtumbwi uliotoboka alikuja kuniomba mbao. Nikawa na sifa zote za tajiri isipokuwa utajiri. Sina hakika kama kuna daraja la umaskini baya kuliko hilo.

Hofu yenyewe iliingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa nimepanga chumba Mabatini kwa Bibi Zuhura, mjane wa familia ya zamani ya wauza kanga, nyumba yenye kibaraza kirefu ambacho kila jioni kilijaa watu wa kunywa kahawa na kuchambua dunia. Dirisha langu lilifunguka hapo hapo. Jioni moja nilikuwa nakula, ugali na dagaa, nikamsikia fundi seremala anasimulia habari za mtu wa Magu aliyeweka jina lake kwenye mashine ya mpunga ya mgeni. Mgeni amepanda ndege na begi moja. Kodi, mishahara, mashine mbovu, vyote vimebaki kwa mwenye jina.

"Wamemkuta anakula," fundi akasema. "Hata kunawa hawakumruhusu. Kapakiwa na mkono wake wa ugali hivi, kauinua juu kama anaapa."

Watu wakacheka. Bibi Zuhura hakucheka. "Mtu akikuvika kanzu yake," akasema, "muulize kwanza anaikimbia nini."

Kuanzia jioni ile nikawa nakula kwa kijiko. Ugali kwa kijiko, dagaa kwa kijiko, hata muhogo. Waliouliza niliwaambia nina kidonda kidoleni. Kweli yenyewe ni kwamba sikutaka kuondoka duniani na mkono mchafu.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya zamani karibu na mwalo, paa la bati, ukuta uliokula chumvi mpaka ukaanza kumenyeka. Sebule ilikuwa ofisi. Kwenye ua kulikuwa na chanja za kuanikia mabondo, yakikaa juani kama soksi za malaika, ukipenda kuyaangalia bila kuyanusa. Mama Doto alikuwa msimamizi wa kuosha na kuchuna utando. Ndani kulikuwa na stoo mbili. Ya kwanza niliingia na kutoka nitakavyo. Ya pili ilikuwa na kufuli kubwa, na ufunguo wake ulikaa kwenye ule mnyororo wa kiuno.

"Kuna nini humo?" nilimuuliza Cheni wiki za mwanzo.

"Chumvi."

Mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya kujua, ya pili kwa ajili ya kuamini. Niliangalia magunia ya chumvi yanayoingia stoo ya pili, nikalinganisha na chumvi inayotoka kwenda kwa Mama Doto. Kama ni chumvi kweli, tulikuwa nayo ya kutosha kulikausha ziwa. Tena kuna gari dogo lililokuwa linashusha mizigo saa ambazo mimi niko mwaloni. Nikirudi nakuta alama za matairi na Mama Doto amegeukia ukuta anaosha alichokwisha kuosha.

"Mama Doto, leo wameshusha nini?"

"Mimi macho yangu mabovu, mwenyewe."

"Lakini ungekuwa na macho mazima?"

Akakamua kitambaa chake polepole. "Ningekuwa na macho mazima ningeona vimabondo vidogo kama masikio ya mbuzi mchanga. Lakini sina."

Nikakaa chini kwenye kreti. Hakuna mtu wa ziwani asiyejua maana yake. Ni mabondo ya sangara wachanga, samaki ambao sheria inataka waachwe wakue. Kwa kosa hilo nyavu huchomwa, mitumbwi huchukuliwa, na mtu huenda kueleza mahakamani. Na vimabondo vile, vyote, kwa mujibu wa karatasi yenye sahihi yangu, vilikuwa vyangu.

Siku ile tulikula pamoja kama kawaida, sebuleni, kwenye meza ya mbao za kreti. Cheni alipika tambi zake kwenye jiko la gesi, mimi nikawa na wali na samaki wa mama ntilie. Nikamwambia, "Cheni, mwenyewe anaomba ufunguo wa stoo ya pili." Akacheka, akavuta tambi. "Chumvi tu, Dada Leti. Chumvi nzito, mgongo maumivu." Nikamwambia basi nataka kutoka kwenye kampuni. Akasema, "Mwezi ujao." Nilikwenda kwa wakili, akasema kutoka kunahitaji sahihi ya Cheni. Kuingia kulikuwa mlango, kutoka kulikuwa tundu la sindano, na mwezi ujao ukawa haufiki, kila ukikaribia unabadilisha jina.

Watu huzungumzia hofu kama kitu kinachokuja na kuondoka. Yangu ilihamia. Ilikaa nami kitandani, ikanisindikiza mwaloni, ikanifundisha kutambua muungurumo wa kila gari la serikali kabla halijakata kona. Nilisimama mbele ya kioo cha Mabatini nikijifunza kusema: Mimi ndiye mwenyewe. Nikilisema kwa ukali, naonekana mwizi. Nikilisema kwa upole, naonekana nimetumwa. Bibi Zuhura akapita uani akanisikia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Unajiapisha?"

"Nafanya mazoezi."

"Mwenye mali hafanyi mazoezi, mwanangu," akasema, akaenda zake na ndoo yake.

Walikuja mchana, tunakula. Nilikuwa na kijiko mkononi. Gari liliingia mpaka uani bila honi, wakashuka maofisa watatu wa uvuvi na askari mmoja. Mkubwa wao alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aina ya mpole anayekutisha kwa sababu haoni haja ya kupaza.

"Habari za kazi. Nani mwenyewe hapa?"

Sikuhitajika kujibu. Kina mama wote wa kuosha waligeuka kwa pamoja, na Mama Doto, na mtu wa mzani, wakaniangalia mimi. Hawakunisaliti. Hilo ndilo lilikuwa jina langu. Ofisa angeuliza nani Leti, huenda wengine wangekosa la kujibu.

"Wewe, dada?"

"Mimi."

Akaniuliza maswali, na hapo ndipo nilipojimaliza kwa ubora wangu. Tunanunua wapi, nikajibu. Bei ya juzi, ya jana, nikajibu. Mabondo yaliyoko juani ni mangapi, nikamwambia, na nikamtajia chanja moja ambayo mawili yalikuwa yameanguka nyuma. Akatuma kijana wake akaangalie. Akarudi na mawili, yana vumbi. Ofisa akaniangalia kwa heshima. "Huyu kweli mwenyewe," akawaambia wenzake. "Tumezoea kukuta vivuli tu, majina ya kuazima, mtu hajui hata choo kiko upande gani." Nikaona kamba ninayoisuka mwenyewe inatimia urefu.

"Sasa tufungulie ile stoo yenye kufuli."

Mwenyewe hana ufunguo. Nikisema sina, mimi ni kivuli, na kivuli kina kosa lake na mgeni ana lake, na wote tunapakiwa. Nikifungua, kilichomo ni changu. Cheni alikuwa amesimama kando ya jiko lake, tambi zinachemka mpaka zinafurika, mkono wake uko kwenye mnyororo, hasogei. Alikuwa mweupe kuliko chumvi aliyodai kuitunza.

Nikanyoosha mkono bila kumtazama, kama mtu anavyomnyooshea mlinzi wake.

"Cheni. Funguo. Na nimekwambia mara ngapi zikae mezani?"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Kioo cha Mabatini hakikuwahi kuisikia. Cheni akafungua mnyororo, akaja, akanipa kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Kina mama wakashusha pumzi. Nikaenda nikafungua. Harufu ilinifikia kabla ya mwanga: vimabondo vidogo, magunia na magunia, vimefunikwa kwa chumvi juu juu, aibu kwa yeyote aliyewahi kula samaki wa ziwa lile. Ofisa akachukua kimoja, akakiweka kwenye kiganja changu. Hakikuufikia ukingo wa kiganja.

"Vya nani?"

Nikasema, "Ni stoo yangu." Kwa karatasi sikusema uongo.

Walinichukua mimi peke yangu, nami nilinawa kabla ya kupanda gari. Niliomba, wakaniruhusu. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nimejiandalia miezi yote ile, na hakikunisaidia chochote.

Kituoni walinikalisha kwenye benchi mbele ya kaunta, wakaandika maelezo yangu. Nilitetemeka magoti mpaka benchi likawa linagonga ukuta, na mama mmoja niliyekaa naye, aliyeletwa kwa ugomvi wa bomba la maji, akaniwekea mkono pajani kulituliza benchi. Niliwaza kwamba Cheni yuko njiani kwenda uwanja wa ndege. Nilimwona kabisa, na begi moja. Ndipo nikasikia kitu cha ajabu: mtu anatembea bila kulia. Nilizoea kumsikia kwa funguo, na funguo zilikuwa ndani ya blauzi yangu, polisi hawakuwa wamefikia kunipekua. Cheni aliingia na mfuko wa chipsi, ameloa jasho, akasimama mbele ya kaunta, akajipiga kifuani.

"Mimi mwenyewe," akasema.

Afande akainua kichwa. "Unasemaje?"

"Mimi. Mwenyewe." Akajipiga tena kifuani. Akanyoosha kidole kwangu, akatikisa kichwa, hapana. Akainua chipsi. "Mimi mwenyewe."

Afande akaniangalia. "Anasema yeye ndiye mwenye mali?"

Wanaojua lugha yetu wataelewa nilipokuwa nimesimama. Neno ni lile lile. Mtu aliyeleta chipsi bila kumtuma mtu husema mimi mwenyewe. Mtu anayekuja kujitoa ili msichana aachiwe naye husema mimi mwenyewe. Na mtu aliyekariri vibaya neno mwenyeji husema chochote. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa, lakini sote tulikuwa na uso huo. Kama alikuwa anaungama, basi sisi wawili ni waongo wa karatasi, kampuni imekufa, na mimi sitakaa tena kiti chochote mbele ya meza yoyote mwaloni. Kama ni chipsi, vile vidogo ni vyangu, adhabu ni yangu, na jina pia ni langu. Afande alikuwa ananisubiri na kalamu yake.

"Anasema chakula amekileta yeye mwenyewe, afande," nikasema. "Hakumtuma mtu. Kiswahili kinamsumbua."

Cheni alifungua mdomo. Akanitazama, akaufunga. Afande akatikisa kichwa, akaandika. Nikazila zile chipsi kwa mkono, bila kijiko, na zilikuwa za baridi na tamu sana.

Bibi Zuhura alikuja kunidhamini jua halijazama, amevaa kanga mpya kana kwamba tunakwenda harusini. Faini ilitoka kwenye kampuni, vidogo vikachomwa moto mbele yangu, na moshi wake ulikaa kwenye nywele zangu nikausikia siku nyingi. Asubuhi niliyorudi kazini Cheni alininyooshea mkono, kiganja juu, anataka funguo. Nikamuuliza, "Mwenyewe ni nani?" Akaurudisha mkono mfukoni. Tangu hapo hakuna kidogo kilichoingia nyumba ile, na faida ikapungua, na kabla mwaka haujageuka Cheni akasema anakwenda kujaribu nchi nyingine. Safari hii alitia sahihi bila kusema mwezi ujao, akaniachia sehemu yake kwa bei niliyoipunguza mpaka nikaona haya. Niliona haya, sikuipandisha.

Kapripointi, Jumamosi ile, Cheni alikuwa ameketi tayari. Amenenepa, amepata miwani. Pembeni yake alikaa binti mdogo, nywele amesuka vizuri, mkoba mpya magotini.

"Dada Leti, karibu," Cheni akasema. "Huyu anaitwa Neema. Tunafungua kiwanda kidogo, tutachakata mabondo. Neema ni mwenyeji wangu."

Mwenye-ji. Kila silabi mahali pake. Binti alinisalimia shikamoo kwa unyenyekevu, akakaa. Nikajua kwa nini kile Kiswahili kizuri kilinitia baridi kwenye simu. Mimi alinipa neno kwa makosa, na makosa yale yaliyonitisha mwaka mzima ndiyo yaliyonilinda, maana watu wote waliniita hivyo mpaka nikalazimika kuwa. Huyu alikuwa amepewa neno sahihi.

Tukala sato wa kuchoma. Nilimuuliza Cheni kitu ambacho sijawahi kukiuliza: "Siku ile kituoni, ulisema nini hasa?"

Akachambua mwiba kwenye samaki wake, akauweka ukingoni mwa sahani. "Ulitafsiri vizuri," akasema. Nimeihesabu kauli hiyo mara mbili, na kila mara inatoa jibu tofauti.

Simu yake ikaita, akainuka, akaenda kuongea kwenye ukingo wa maji. Mnyororo hakuwa nao tena. Siku hizi funguo zake ziko kwenye kishikio cha ngozi, na alikuwa ameziacha mezani kando ya glasi yake. Neema alikuwa anakula. Nikaangalia mkono wake. Alikuwa anamla samaki kwa uma, samaki mzima wa kuchoma, huku anatazama kila gari linaloingia kwenye maegesho.

"Umeshatia sahihi?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Juzi."

"Kiwanda umeshakiona ndani?"

"Upande mmoja."

Nikazisukuma zile funguo polepole, zikapita chumvi, zikapita pilipili, mpaka upande wake wa meza. Akazitazama. Akaweka uma chini, akazifunika kwa kiganja, akatazama tena maegesho. Sikumwambia asiogope. Cheni alirudi, akatazama kando ya glasi yake, akatazama chini ya kitambaa, kisha akanitazama mimi.

"Neema," nikasema, "mgeni wako anaulizia funguo."